Barua ya wazi kwa Bunge la Ohio: msimpimie mtoto elimu kwa anwani yake

Waheshimiwa Maseneta na Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi la Jimbo la Ohio,

Salaam. Mimi ni mzazi, mkazi wa Columbus, mzaliwa wa Kigoma, Tanzania. Kazi yangu ni ukalimani wa Kiswahili: shuleni, hospitalini, na pale familia iliyotoka kambini inapotia saini mkataba wake wa kwanza wa kupanga nyumba. Nakala ya Kiingereza ya barua hii nimeituma ofisini kwenu. Hii ya Kiswahili naiweka hadharani ili wazazi ninaowatafsiria waisome wenyewe, wajue nimeomba nini kwa ajili ya watoto wao.

Ninachoomba ni hiki: komesheni utaratibu unaoiachia anwani ya mzazi iamue mtoto atapata elimu gani. Mna mamlaka hayo. Katiba ya jimbo lenu imewapa, na mahakama yenu imekwisha kuwakumbusha zaidi ya mara moja.

Naomba kwanza mwelewe jinsi anwani inavyopatikana. Familia ya Kikongo ilipotua hapa kutoka Nyarugusu, kambi ya wakimbizi huko Tanzania, kabla upokeaji wa wakimbizi haujasimamishwa mwaka 2025, haikuchagua mtaa. Shirika lililowapokea lilitafuta mwenye nyumba atakayemkubali mpangaji asiye na hati ya mshahara, asiye na historia ya mikopo, na ambaye tayari anadaiwa nauli ya ndege iliyomleta. Wenye nyumba wa aina hiyo ni wachache, na nyumba zao ziko mitaa ile ile mwaka hadi mwaka. Mkataba ukishasainiwa, mengine yote yamekwisha kuamuliwa: basi gani la shule litapita, darasa lina watoto wangapi, mwalimu wa Kiingereza kwa wageni yupo kila siku au anagawanywa na shule nyingine, sekondari ya mtaa inafundisha hesabu za juu au haifundishi. Baba anauliza kupitia kwangu, “Na ile shule iliyo ng’ambo ya barabara?” Natafsiri jibu: ile ni wilaya nyingine ya shule, yaani eneo lenye bodi yake, kodi yake na shule zake. Anauliza tena, kwa sababu anaona barabara ni moja na mji ni mmoja. Sina jibu jingine la kumtafsiria.

Mtu aliyekulia kwetu hudhani mipaka ya shule inafuata mipaka ya mji. Columbus haiko hivyo, na wazazi wengi wa Kiswahili hawajaelezwa kwa nini. Mji huu ulikua kwa kuchukua ardhi ya pembeni, kwa kuwa ndio ulioshika maji na mabomba ya maji taka. Lakini ardhi nyingi iliyoingia mjini ilibaki chini ya wilaya za shule za majirani, na mwaka 1986 mpangilio huo ulithibitishwa kwa makubaliano rasmi. Ndiyo maana leo wapo maelfu ya wakazi wa Columbus, wanaompigia kura meya wa Columbus na kulindwa na polisi wa Columbus, ambao watoto wao wanasoma katika shule za miji ya pembeni: Dublin, Hilliard, Worthington au Westerville.

Ziangalieni tarehe. Machi 1977 Jaji Robert Duncan, Mmarekani Mweusi wa kwanza kuwa jaji wa mahakama ya shirikisho katika Ohio, aliamua kwamba bodi ya shule za Columbus iliwatenga kwa makusudi watoto weusi na weupe. Mwaka 1979 Mahakama Kuu ya Marekani ikaunga mkono uamuzi huo, na Septemba hiyo mabasi yakaanza kuwachanganya watoto. Ila miaka mitano kabla, katika kesi ya Detroit ya mwaka 1974, mahakama hiyo hiyo ilikuwa imeamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba wilaya za pembeni zisizothibitishwa kuwa na kosa haziwezi kulazimishwa kushiriki katika kuurekebisha utengano huo. Maana yake kwa Columbus ilikuwa rahisi: familia isiyotaka mtoto wake akae dawati moja na mtoto mweusi iliweza kuhama kilomita chache, ibaki ndani ya mji ule ule, na kuwa nje ya amri ya jaji. Wajenzi wakajenga huko. Benki zikakopesha huko. Makubaliano ya 1986 yakaufunga mpaka huo, na haujafunguliwa hadi leo.

Na waliobaki upande wa pili hawakuwa wameuchagua. Serikali ya shirikisho ilianzisha shirika la mikopo ya nyumba mwaka 1933, na mwaka uliofuata mamlaka ya kuwadhamini wakopaji. Miji zaidi ya 200 ilichorewa ramani, kila mtaa na rangi yake. Mtaa wa Weusi ulipakwa nyekundu, na benki ikasoma kwamba hapo pasikopeshwe. Hapa Columbus mto Alum Creek unatenganisha Bexley na mitaa ya mashariki ya mji. Bexley umezungukwa na Columbus karibu kila upande, lakini una manispaa yake na shule zake. Vuka daraja uone tofauti ya nyumba, ya miti, ya shule. Ramani ile ina miaka tisini sasa, na mtu bado anaweza kuifuata kwa miguu.

Kuna mtaa mmoja ambao nawaomba mwende kuuona kabla hamjapiga kura yoyote kuhusu shule. Unaitwa Hanford Village. Baada ya Vita vya Pili, sheria ya mwaka 1944 iliwaahidi wanajeshi waliorudi mikopo ya nyumba, lakini mwanajeshi mweusi akifika benki alikuta mlango umefungwa, kwa sababu mitaa aliyoruhusiwa kununua ndiyo ile isiyokopeshwa. Hanford ilikuwa mojawapo ya sehemu chache zilizojengwa kwa ajili yao, nyumba ndogo nadhifu kuanzia mwaka 1946. Baadhi ya warubani weusi wa kivita waliofunzwa Tuskegee, Alabama, waliishi pale. Walilipa mikopo yao, wakapanda bustani, wakalea watoto. Kisha katika miaka ya 1960 ikaletwa barabara kuu ya I-70, na ikapitishwa katikati ya mtaa huo. Makumi ya nyumba yakabomolewa. Kila asubuhi maelfu ya magari yanapita juu ya vilivyokuwa viwanja vya watu waliofanya kila kitu ambacho nchi hii huwaambia maskini wafanye: walitumikia jeshi, walifanya kazi, walinunua nyumba.

Nasisitiza nyumba kwa sababu katika nchi hii nyumba ndiyo akiba ya familia ya kawaida. Ndiyo inayowekwa rehani mtoto akienda chuo, ndiyo inayorithiwa. Kwa mujibu wa utafiti wa Benki Kuu ya Marekani wa mwaka 2022, familia ya katikati ya Wamarekani Weupe ilikuwa na mali ya dola 285,000 baada ya kuondoa madeni, na ya Weusi dola 44,900. Pengo hilo haliwezi kuelezwa kwa bidii ya mtu mmoja mmoja. Na nyinyi, Waheshimiwa, mmelichukua pengo hilo na kuliingiza darasani, kwa kuziacha shule zitegemee kodi ya majengo. Penye nyumba za thamani kodi kidogo huleta fedha nyingi. Penye nyumba ambazo serikali yenyewe ilizishusha thamani, watu hujitoza zaidi na wakapata kidogo.

Hapa naomba niwageukie kidogo wasomaji wangu wa Kiswahili, nanyi Waheshimiwa mtanivumilia. Katika mikusanyiko yetu, kwenye harusi na misiba, yapo maneno husemwa kuhusu Wamarekani Weusi: kwamba wamekaa hapa miaka yote hiyo na hawajafika, ilhali sisi tumekuja juzi na tuna magari mawili. Maneno hayo yananiuma. Mwaka 1807 jimbo hili lilimtaka mtu mweusi aliyetaka kuhamia hapa apate wadhamini wa dhamana ya dola 500, na likamkataza kutoa ushahidi mahakamani dhidi ya mtu mweupe. Mwaka 1829 watoto weusi waliondolewa katika shule za umma. Ilichukua hadi 1887 kwa sheria ya kutenganisha shule kufutwa, kwa jitihada za mbunge mweusi, Benjamin Arnett. Na sisi tulipitia mlango upi? Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1965 ndiyo iliyoondoa mgawo wa mataifa uliomfungia Mwafrika nje, na ilipitishwa katika wimbi lile lile la kupigania haki za raia ambalo watu hawa walipigwa virungu na kung’atwa na mbwa kwa ajili yake. Mtoto wangu anakaa dawati walilolipigania. Na yule aliyekuja miaka ya karibuni kutoka kambini alipangishiwa nyumba katika mitaa waliyofungiwa wao, na mtoto wake akaingia shule ile ile iliyonyimwa fedha. Mwenye mtoto katika shule hiyo ana shauri moja nao.

Wala shauri hili si la weusi peke yao, na hilo nataka wabunge wa maeneo ya vijijini wanisikilize vizuri. Kesi kubwa kuliko zote kuhusu fedha za shule katika Ohio ilifunguliwa mwaka 1991 katika Perry County, kwenye milima ya makaa ya mawe, ambako karibu watu wote ni weupe. Jina lake ni la mwanafunzi, DeRolph. Hukumu ya Machi 1997 inasomeka kama ripoti ya mkaguzi wa afya. Inaeleza maji taka yakitiririka kwenye uwanja wa michezo wa shule. Inaeleza wanafunzi wa bendi wakifanyia mazoezi katika chumba kilichokuwa ghala la makaa, pasipo hewa, mpaka vichwa vinauma. Mahakama ya Juu ya Ohio ikasema mfumo huo unavunja katiba ya 1851, inayoliagiza Bunge kuweka mfumo kamili na wenye ufanisi wa shule za umma katika jimbo zima. Ikasema hivyo tena mwaka 2000. Ikasema hivyo tena mwaka 2002. Mwaka 2003 ikajiondoa kwenye usimamizi wa kesi, bila kusema kwamba mfumo umetengemaa. Watoto waliokuwa darasa la kwanza siku ya hukumu ya 1997 leo ni wazazi, na watoto wao wamo katika mfumo uliotokana na ule ule.

Mlianza kuurekebisha, na nitawapa haki yenu. Mwaka 2021 wabunge wa vyama vyote viwili walipitisha kanuni mpya inayouliza kwanza gharama halisi ya kumsomesha mtoto, kisha ikapima uwezo wa wilaya kwa kipato cha wakazi pamoja na thamani ya nyumba. Ilikuwa itekelezwe hatua kwa hatua kwa miaka sita. Walimu ninaofanya nao kazi walifurahi kweli. Lakini bajeti ya mwaka 2025 ilikokotoa gharama hizo kwa bei za 2022, kana kwamba mishahara, mafuta ya mabasi na vitabu vilisimama mahali pamoja, huku upande wa pili wa hesabu, ule unaoonyesha wilaya inaweza kujilipia kiasi gani, ukipandishwa kufuata thamani mpya ya nyumba. Sehemu ya jimbo ikapungua, mzigo ukarudi kwa mwenye nyumba. Katika bajeti hiyo hiyo mlitenga dola milioni 600, kutoka fedha za wananchi zilizokaa bila kudaiwa, kwa ajili ya uwanja mpya wa Cleveland Browns, timu ya mpira wa Kimarekani. Tangu 2023 pia mmefungua vocha za shule binafsi, yaani fedha za umma za kulipia ada huko, hata kwa familia za kipato kikubwa, na jaji wa Franklin County, kaunti yetu hapa Columbus, alipoamua Juni 2025 kwamba mpango huo unavunja katiba, serikali ikakata rufaa. Fedha, kwa hiyo, zipo. Mmechagua pa kuzipeleka.

Baadhi yenu mmesema hadharani kwamba fedha hazifundishi mtoto. Wachumi Jackson, Johnson na Persico walifuatilia maisha ya watoto waliosoma pale ambapo mahakama zililazimisha majimbo kubadili mgawo wa fedha za shule. Katika utafiti wao wa mwaka 2016 walikuta kwamba nyongeza ya asilimia 10 kwa kila mwanafunzi, kwa miaka yote 12 ya masomo, iliongeza mshahara wake wa utu uzima kwa takriban asilimia 7, na kwa watoto maskini zaidi ya hapo. Mwaka huo huo Chetty, Hendren na Katz walionyesha kwamba watoto ambao familia zao zilisaidiwa kuhama mitaa ya umaskini mkubwa kabla hawajafika miaka 13 walikuja kupata kipato cha juu kwa karibu asilimia 31 kuliko wenzao. Kwa waliohama wakiwa wakubwa faida hiyo haikuonekana. Mtoto aliyetoka Nyarugusu akiwa na miaka minane ana miaka mitano tu ya dirisha hilo. Mjadala wenu wa bajeti hufanyika kila baada ya miaka miwili.

Sasa nataja jambo linalonikosesha usingizi, kwa sababu wazazi huniuliza, nami natakiwa kuwajibu kwa usahihi. Huuliza: nikitumia anwani ya shemeji yangu anayekaa kule, je? Nawajibu kwa kuwasimulia yaliyompata mama mmoja wa Akron, Mmarekani Mweusi, aliyekuwa akisomea ualimu. Aliwaandikisha binti zake wawili katika wilaya ya jirani kwa anwani ya baba yake mzazi, babu wa watoto hao. Wilaya ile ikaajiri mpelelezi wa kumfuata. Ikadai ada ya takriban dola 30,000. Januari 2011 baraza la wazee wa mahakama likamkuta na hatia ya kughushi nyaraka, kosa kubwa la jinai, na akakaa jela siku tisa. Ilibidi watu wa nchi nzima wapige kelele ndipo Gavana John Kasich akayapunguza makosa yale yawe madogo. Kosa lake lilikuwa kumpeleka mtoto shule nzuri ya umma, katika jimbo ambalo mahakama yake ilikuwa imeuita mfumo wa shule kinyume cha katiba mara tatu. Jimbo halikuwahi kushtakiwa kwa jinai. Mama alishtakiwa.

Kwa mkimbizi neno jinai lina uzito mwingine kabisa. Raia akihukumiwa anatumikia kifungo na kurudi nyumbani. Asiye raia anaweza kupoteza haki ya kukaa nchini. Kwa hiyo wazazi hawa hawathubutu, na mtoto anabaki pale anwani ilipomweka.

Ninayoomba yanatekelezeka bila kuitikisa nchi. Bajeti ijayo ikokotoe gharama kwa bei za mwaka husika, na kanuni ya 2021 iwekwe katika sheria ya kudumu badala ya kuombewa uhai kila baada ya miaka miwili. Sheria ya uandikishaji huria iliyopo sasa inaiachia kila wilaya uamuzi wa kupokea watoto wa nje. Wilaya nyingi za vijijini zimefungua milango, lakini nyingi ya zile tajiri zinazozunguka miji mikubwa zimeifunga. Wilaya inayopokea fedha za jimbo na ina nafasi darasani ilazimike kupokea watoto wa jirani, kwa kuanza na wale wa familia zenye kipato kidogo, na usafiri ulipiwe, maana ruhusa isiyo na basi ni ya wenye magari tu. Mzazi asishtakiwe kwa jinai kwa sababu ya anwani ya mtoto wa shule. Na manispaa zisiruhusiwe kupiga marufuku nyumba za kupanga katika karibu ardhi yao yote, kwani mpaka wa shule unalindwa pia na kanuni za ujenzi: pasipo fleti, mpangaji hafiki.

Najua ombi la pili, la kuzilazimisha wilaya zipokee watoto wa jirani, ndilo gumu. Watakuja kwenu watu waliolipia nyumba bei kubwa kwa sababu ya shule, na watasema mnawanyang’anya walichonunua. Wasikilizeni kwa heshima, hofu yao ni ya mzazi kama yangu. Kisha muwaambie ukweli, kwamba shule ya umma haikuwa mali ya kuuzwa pamoja na nyumba. Atakayewaambia hivyo pengine atapoteza kura katika wilaya fulani. Nawaomba awepo.

Walimu wa shule za Columbus ninawaona wakifanya kazi. Nimemtafsiria mwalimu aliyebaki hadi jioni akimweleza mama, kwa subira, jinsi ya kumsaidia mtoto ambaye hajawahi kukaa darasani miaka mitatu mfululizo. Wasihesabiwe kuwa ndio tatizo. Wanafanya kwa mikono mitupu kazi ambayo katiba iliwapa nyinyi.

Bajeti mpya ya miaka miwili itafika mbele yenu mwaka 2027, na kamati zenu zitapokea ushahidi wa wananchi katika jengo la Bunge hapa Columbus. Wazazi wa Kiswahili wanataka kuja. Wengi hufanya kazi kwa zamu katika maghala ya mizigo na nyumba za wazee, na vikao vyenu huwa mchana wa siku za kazi. Tunaomba kamati ya fedha ya kila baraza itenge angalau kikao kimoja cha jioni, itoe mkalimani, na itangaze tarehe mapema kiasi cha mtu kuweza kuomba ruhusa kwa msimamizi wake. Majina ya wazazi walio tayari kuzungumza nitayawasilisha kwa katibu wa kamati mara tarehe itakapotangazwa.

Wenu katika ujenzi wa jimbo,

Mzazi na mkalimani wa Kiswahili
Columbus, Ohio